Mteja Anakutafuta kwa Neno Gani?



Juma hili tunaongea juu ya maneno. Si maneno ya masengenyo, bali yale machache ambayo mtu anaandika katika telefone yake anapotafuta kitu cha kununua. Wengi kati yetu tunauza: kuna anayeshona, anayepika keki za arusi, anayekausha sambaza, anayesuka nywele, anayekodisha viti na masufuria ya sherehe. Wengi pia tumekwisha kuweka picha za kazi yetu kwenye Facebook, WhatsApp au Google. Hata hivyo mteja anaweza kuwa kwenye avenyu ya pili, anatafuta kitu kilekile tunachouza, na jina letu halioni. Anakwenda kununua kwingine. Pesa hiyo ingekuwa minervali ya mtoto, au dawa, au unga wa juma.

Mara nyingi ubaya hauko kwenye kazi ya mama, wala kwenye bei yake. Neno aliloandika yeye si neno ambalo mteja analitumia. Sisi walimu tunalijua jambo hili darasani: mtoto akiulizwa kwa neno asilolifahamu atanyamaza, hata kama jibu analo kichwani. Ubadilishe neno, naye ananyoosha kidole.

Kutafuta maneno hayo ya wateja ni kazi ambayo watu wa matangazo wanaifanya kila siku, na kuna vyombo vya bei kali vya kuifanya. Sisi tunataka kuonyesha namna ya kuifanya kwa kaye, bik, na mega chache, bila kumaliza siku nzima kwenye telefone.

Google inasoma namna gani

Google ilianzishwa mwaka wa 1998 huko Marekani na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wengi wanadhani kwamba tukiuliza kitu, Google inakimbia duniani kote saa ileile kukitafuta. Sivyo. Mashini zake zinatangulia kusoma kurasa na kuweka orodha kubwa ya maneno na mahali yanapopatikana, kama ile orodha ya mwisho wa kitabu inayosema neno fulani liko ukurasa wa 12, wa 40 na wa 95. Tukiuliza, inafungua orodha yake.

Ndiyo maana ukurasa wenye picha nzuri tu na alama ya moyo haupatikani kwa urahisi. Hauna maneno ya kutosha ya kuingia katika orodha. Hata ndani ya kundi la WhatsApp ni hivyo hivyo: mtu akiandika neno katika sehemu ya kutafuta, telefone inamwonyesha ujumbe wenye neno hilo. Picha ya keki isiyo na maandishi chini yake haitatokea, hata kama bei imeandikwa juu ya picha yenyewe.

Ni kweli kwamba siku hizi Google inajua kukaribisha maana zinazofanana. Lakini inafanya hivyo vizuri zaidi katika lugha zenye maandishi mengi, kama Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili chetu cha Bukavu, chenye Kifaransa na Mashi ndani yake, kimeandikwa kidogo sana. Basi inafaa tuisaidie.

Kitu kimoja, majina manne

Tuchukue sombe. Hapa kwetu kila mtu anasema sombe. Ndugu aliyekulia Kinshasa atasema pondu. Mwenye kuandika Kifaransa ataweka "feuilles de manioc". Mtanzania anaita kisamvu. Mboga ni ileile, chungu ni kilekile. Mama anayeuza sombe iliyotwangwa na kufungwa vizuri, akiandika "sombe" peke yake, amejifungulia mlango mmoja tu kati ya minne.

Kitambaa cha wamama nacho ni vilevile: kikwembe, kitenge, "pagne", na kwa Kilingala liputa. Makala wengine wanayaita "braise". Bugali wengine wanauita fufu.

Tena mteja si jirani peke yake. Kuna watoto wetu walio Goma, Kinshasa, Bruxelles au Kanada, wanaotaka kumfurahisha mama aliyebaki Bukavu. Kijana aliye Ubelgiji akitaka keki ifike nyumbani siku ya kuzaliwa kwa mama yake, kuna uwezekano mkubwa ataandika Kifaransa: "gâteau anniversaire Bukavu livraison". Kama tumeandika tu "Keki tamu, karibuni", hatatuona.

Lakini majina mengi hayana maana kwamba kila jina linafaa. Sambaza wa ziwa Kivu waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na upande wa Uvira watu wanaongea juu ya ndagala. Hata hivyo mteja anayetafuta ndagala wa Tanganyika anataka samaki wa ziwa lile. Tukimwandikia "ndagala" ili aje kwetu, halafu tumpe sambaza wa Kivu, atakuja mara moja tu. Neno la kuvutia mteja liwe pia neno la kweli.

Tuanze na masikio

Wengi wakisikia habari ya kutafuta maneno wanakimbilia telefone. Sisi tunashauri kuanza na masikio, kwa sababu hayali mega.

Chukua kaye na upige mistari, upate safu tatu. Safu ya kwanza: mteja alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyanyoosha. Safu ya pili: alikuwa anataka nini kwa kweli. Safu ya tatu: kijiti kimoja kila mara neno hilo linaporudi. Fanya hivyo juma moja, sokoni, mlangoni, kwenye WhatsApp na kwenye simu.

Tuweke mfano. Mama anashona nguo za shule. Yeye mwenyewe anajiita "maison de couture". Katika juma moja, kaye yake inaweza kuonyesha maneno kama haya: "uniforme", "bleu-blanc ya mtoto wa miaka sita", "jupe ya shule", "chemise nyeupe ya mikono mifupi", "kurefusha suruali ya shule", "uniforme inaisha siku ngapi?". Hakuna hata mteja mmoja aliyesema "maison de couture". Hilo peke yake ni fundisho kubwa, nalo halikulipiwa hata franka moja.

Tazameni pia swali la mwisho. Mzazi anauliza siku ngapi kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani bila inifome. Haraka yake ni sehemu ya neno lake. Mama huyo akiandika "uniforme scolaire bleu-blanc, inakuwa tayari kwa siku 3", amejibu swali kabla halijaulizwa. Sharti moja tu: siku 3 ziwe siku 3 kweli.

Nusu saa ya telefone, si zaidi

Kisha tunafungua telefone, tukiwa na maneno ya kaye mbele yetu. Tuweke saa: dakika 30. Kazi isiyo na mwisho inakula mega, tena inachosha.

Kwanza, fungua dirisha la faragha, lile ambalo halikumbuki mambo uliyotafuta zamani. Google inapotoa mapendekezo inaweza kufuata yale uliyotafuta wewe, nasi tunataka kujua ya wateja.

Pili, andika neno la kwanza la kaye na jina la mji, kisha usibonyeze kitu. Soma mistari inayoshuka chini ya sehemu ya kuandikia. Mingi inatokana na yale ambayo watu wamekwisha kuandika. Ongeza herufi moja, a, kisha b, kisha c, na usome tena. Piga picha ya kioo cha telefone badala ya kunakili kila mstari.

Tatu, sasa bonyeza na ushuke chini. Mara nyingi utakuta maswali ambayo watu wengine waliuliza, na chini kabisa maneno mengine yanayokaribiana. Chukua yale yanayofanana na kaye yako.

Nne, kama kuna maneno mawili na hujui lipi litangulie, tazama Google Trends, ambayo ni ya bure. Inalinganisha maneno kwa alama za 0 hadi 100. Tuelewane: 100 haina maana ya watu 100. Ina maana ya wakati ambapo neno lilitafutwa zaidi kuliko nyakati nyingine katika ulinganisho huo. Chagua nchi nzima, kwa sababu kwa mji mmoja takwimu mara nyingi hazitoshi.

Kuna pia Keyword Planner, chombo cha Google kwa wanaoweka matangazo ya kulipia. Kinatoa makadirio ya watafutaji kwa mwezi, lakini kwa asiyelipia kinatoa kwa upana sana, kama vile kati ya 10 na 100. Kwa mji kama wetu kinaweza kutoonyesha kitu kabisa. Usivunjike moyo. Google yenyewe ilitangaza kwamba karibu maswali 15 katika kila 100 yanayoandikwa kwa siku ni mapya, hayajawahi kuandikwa. Sifuri ya chombo haina maana kwamba mteja hayuko. Kama kaye yako ina vijiti tisa mbele ya neno, amini kaye.

Kuchuja kama unga

Hapa ndipo wengi wanapotezea wakati: wanakusanya maneno 100 na hawayatumii. Maneno ni kama unga, yanachujwa kabla ya kupikwa. Tuwe na vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha anayetaka kujua tu: "namna ya kushona jupe". Huyu anataka kujishonea mwenyewe. Cha pili ni cha anayelinganisha: "bei ya uniforme Bukavu". Huyu yuko njiani. Cha tatu ni cha aliyekwisha kuamua: "couturière uniforme scolaire Kadutu". Huyu ana pesa mkononi, anatafuta mlango tu.

Mwenye wakati kidogo aanze na kikapu cha tatu, kisha cha pili. Cha kwanza kinaweza kungoja.

Tena tupende maneno marefu. Anayeandika "robe" ni mmoja kati ya watu wengi mno duniani, na ukurasa wa mama wa Bukavu hautaonekana katikati ya maduka makubwa ya Ulaya. Anayeandika "location robe de mariage Bukavu" ni mmoja kati ya wachache, lakini wachache hao ni wetu. Na kama ulivyojua, mtu wa Bukavu anataja mahali kwa alama: Nyawera, Feu Rouge, Place de l'Indépendance, Essence, Panzi, Nguba. Weka alama ambayo wateja wako wanaitaja, si namba ya avenyu ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mwishoni mwa kuchuja, mama mmoja abaki na maneno matano, au kumi yakizidi. Hayo yanatosha kwa miezi mitatu.

Kazi ya wengi

Tunajua kwamba mama mwenye watoto, shamba na soko hana muda wa haya yote. Ndiyo maana tunasema kazi hii iingie katika makundi tuliyo nayo tayari, MUSO na AVEC. Tumezoea kuweka pesa pamoja; tunaweza kuweka na maneno pamoja.

Wamama watano wakae meza moja na telefone moja yenye mega. Wa kwanza asome kaye zote kwa sauti. Wa pili aandike katika telefone. Wa tatu, anayejua Kifaransa vizuri, aangalie herufi. Wa nne, aliyekaa Kinshasa au mwenye jamaa huko, atoe majina ya Kilingala. Wa tano awe mwandishi. Kila mmoja anapata dakika kumi za kazi yake. Kwa muda usiofika saa moja, wote watano wamepata orodha zao, na mega zimelipwa mara moja.

Mama asiyejua kusoma asiachwe nje. Mara nyingi yeye ndiye mwenye masikio mazuri kuliko wote, kwa sababu amezoea kuweka maneno ya wateja kichwani. Aseme, mwingine aandike. Na msichana wa sekondari aliye nyumbani anaweza kushika telefone; kwake ni somo la Kifaransa na la hesabu kwa wakati mmoja.

Kuyaweka mahali pake

Neno likipatikana, tunaliweka mahali panaposomwa kwanza: katika jina la ukurasa au mstari wa kwanza wa tangazo, na chini ya kila picha. Picha moja, neno moja kuu. Picha ya jupe iwe na neno la jupe, ya chemise iwe na neno la chemise.

Tusirudie neno moja mara ishirini. Google inahesabu mchezo huo kuwa udanganyifu na inaweza kuushusha ukurasa, na msomaji anachoka. Sentensi moja ya kawaida inabeba majina mawili bila shida: "Sombe (pondu) iliyotwangwa, tayari kwa kupika, Bukavu, karibu na Nyawera."

Tuandike mapema pia. Google inahitaji wakati wa kusoma. Maneno ya inifome yawe tayari mwezi wa saba, kwa sababu masomo yanaanza mwezi wa tisa. Maneno ya vikwembe vya tarehe 8 Machi yawe tayari mwezi wa kwanza. Keki na kuku wa Noeli, mwezi wa kumi.

Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza ni wale wanaokuja wakisema: "Lete dola, nitakuweka wa kwanza kwenye Google." Google yenyewe inasema hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Anayeahidi hivyo, tumshukuru na tumwache aende zake. Kujiandikisha kwenye Google kama mwenye biashara ni bure.

La pili ni usalama wetu. Kutaka kuonekana kusitufanye tuweke wazi mlango wa nyumba, saa tunazokuwa peke yetu, au picha za watoto wakiwa wamevaa inifome yenye jina la shule. Google inamruhusu mwenye biashara kuonyesha eneo analohudumia na kuficha anwani ya nyumbani. Tutumie nafasi hiyo. Kukutana na mteja mpya kufanyike mahali penye watu, mchana. Hakuna neno la kutafutia linalozidi thamani ya usalama wa nyumba.

Tutajuaje kama inafaa?

Mwenye ukurasa wa biashara kwenye Google anaweza kuona humo baadhi ya maneno ambayo watu waliandika wakamwona. Mwenye tovuti yake ana Search Console, nayo ni ya bure. Asiye na hayo ana swali moja la kumwuliza kila mteja mpya: "Mama, umetupata namna gani? Uliandika neno gani?" Jibu linaingia kwenye kaye, safu ya kwanza. Kila miezi mitatu, ondoa maneno mawili yasiyoleta mtu, na uweke mawili mapya.

Kazi ya nyumbani

Juma hili tunaomba kila mama afanye jambo moja tu: apige mistari ya safu tatu katika kaye na asikilize. Asifungue Google bado. Siku ya mkutano, kila mmoja alete maneno yake matatu yenye vijiti vingi. Makundi ambayo hayana telefone ya kutosha yaje na kaye tu. Tutatafutana na kusaidiana.

Wateja wetu wamekwisha kutuambia wanavyotuita. Kilichobaki ni sisi kuandika walivyosema. Tunawatakia juma lenye amani na biashara njema.